Tulichokosea Oktoba, Tulichorekebisha Machi: Kusherehekea Utamaduni wa Italia Mtandaoni

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri kosa. Oktoba ya mwaka juzi klabu yetu ya lugha iliandaa jioni ya utamaduni wa Italia kwa njia ya mtandao, na mratibu nilikuwa mimi. Waliojiandikisha walikuwa 61. Tulipoanza saa moja na nusu jioni niliwaona 40 kwenye skrini, nikafurahi. Nilipofika slaidi ya 15, ile ya mnara wa Pisa, nikatupa jicho kwenye idadi: wamebaki 9. Na kati ya hao 9, wawili walikuwa wanakamati wenzangu ambao hata wangetaka kukimbia wasingeweza, maana tulikuwa chumba kimoja.

Slaidi zetu zilikuwa na kila kitu. Pizza ilikuwepo, Colosseum ilikuwepo, Venezia na mashua zake, Leonardo da Vinci, hata jezi za Juventus na AC Milan kwa ajili ya watu wa mpira. Mwishoni nikamkaribisha mgeni wetu aseme neno. Alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Palermo, kisiwani Sicilia, anayesoma Kiswahili huko Napoli. Akafungua maikrofoni na kusema kwa Kiswahili chake cha darasani, cha polepole lakini safi: "Asanteni sana. Picha ni nzuri. Lakini bibi yangu hayumo."

Sikuwa na jibu. Bando lenyewe lilikuwa linaelekea kuisha, tukaagana. Ila lile neno halikuniacha. Mimi nasomea ualimu, na kosa nililolifanya usiku ule ndilo kosa ambalo wahadhiri wetu hutuonya kila siku kabla ya mazoezi ya kufundisha: kusimama mbele ya watu ukaongea peke yako, halafu ukashangaa wamelala. Kwa miezi mitano iliyofuata nilisoma na kuulizia jinsi Waitaliano wenyewe wanavyosherehekea utamaduni wao mtandaoni. Haya ndiyo niliyoyapata, na ndiyo tuliyoyatumia Machi tulipojaribu tena.

Italia ipi?

Tuanze na bibi wa Palermo. Kwa nini hakuwemo?

Nchi tunayoiita Italia ilizaliwa mwaka 1861, pale falme na dola ndogondogo za rasi ile zilipounganishwa chini ya mfalme Vittorio Emanuele II. Roma yenyewe iliingia baadaye, mwaka 1870. Wakati wa muungano, zaidi ya watu 7 kati ya 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Na Kiitaliano je? Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kuwa waliokimudu walikuwa kama asilimia 2.5 tu ya wananchi. Mwenzake Arrigo Castellani alibisha, akapandisha hadi karibu asilimia 10. Hata ukimfuata Castellani, bado Waitaliano 9 kati ya 10 walikuwa hawasemi Kiitaliano! Walisema Kisisilia, Kinapoli, Kivenezia, Kisardinia, Kifriuli, kila mtu na cha kwao. Na hizi si namna za kuharibu Kiitaliano, kama wengi wanavyodhani. Zilikua sambamba nacho, zote zikitokea Kilatini.

Hicho Kiitaliano sanifu kilitoka hasa Firenze, kwa sababu ndiko kulikotoka lugha ya waandishi wakubwa watatu wa karne ya 14: Dante Alighieri, Petrarca na Boccaccio. Mwaka 1583 ikaundwa huko huko Accademia della Crusca, chombo cha kulea lugha, na mwaka 1612 ikatoa kamusi yake ya kwanza. Sisi tunaweza kulielewa jambo hili bila shida. Kamati ya Lugha iliyoundwa hapa Afrika Mashariki mwaka 1930 iliegemeza Kiswahili sanifu kwenye Kiunguja, na wenye Kimvita chao walinung'unika. Kila lugha ya taifa ina jirani yake aliyenuniwa.

Mwaka 1999 bunge la Italia lilipitisha sheria namba 482 inayolinda lugha 12 za jamii ndogo, zikiwemo Kisardinia, Kifriuli, Kialbania na Kigiriki cha kusini. Kisisilia na Kinapoli, pamoja na wingi wa wasemaji wao, hazimo kwenye orodha. Kwa hiyo bibi wa Palermo hakuachwa na slaidi zangu tu. Alishaachwa na wakubwa kuliko mimi.

Ndiyo maana Waitaliano wanaojali mambo haya hawasherehekei "Italia" kwa jumla jumla. Tangu 2013 wana siku maalumu, 17 Januari, ya lahaja na lugha za kienyeji, na siku hiyo sharti uje na kitu cha kwenu: hadithi, methali, jina la chombo cha jikoni ambalo kijiji cha pili hawalijui.

Mwalimu aliyefundisha kwa televisheni

Sasa hapa wanaualimu mkae vizuri kwenye vimbweta vyenu, maana stori hii ni yetu.

Tarehe 15 Novemba 1960 televisheni ya taifa ya Italia, RAI, ilianza kurusha kipindi kilichoitwa Non è mai troppo tardi, yaani "Hujachelewa Kamwe". Aliyekiendesha ni mwalimu wa shule ya msingi, Alberto Manzi, mzaliwa wa Roma, ambaye hapo mwanzo alikuwa amefundisha watoto waliofungwa gerezani. Watazamaji wake walikuwa watu wazima wasiojua kusoma: wakulima, mafundi, akina mama wa nyumbani. Manzi hakusimama kama mhutubiaji. Alikuwa na karatasi kubwa ubaoni na kipande cha mkaa mkononi. Anachora mistari miwili mitatu, wewe unakaa unajiuliza kinatokea nini, mara unaona ni nyumba au farasi, na hapo ndipo herufi inapoingia. Kipindi kilidumu hadi 1968, na inakadiriwa kuwa watu karibu milioni 1.5 walipata cheti cha elimu ya msingi kwa njia hiyo.

Lakini siri kubwa haikuwa kwenye skrini. Televisheni zilikuwa chache na ghali, kwa hiyo watu walikusanyika kwenye vituo vya pamoja, na katika kila kituo kulikuwa na mtu wa kuwasaidia: kushika mkono wa mzee anayejifunza kushika kalamu, kurudia neno lililopita haraka. Manzi aliwasha moto, lakini waliopuliza walikuwa kule kule.

Wazee wetu watasema hili si geni. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Inakadiriwa kuwa watu wazima milioni 2 walishiriki, si kwa kusikiliza kila mmoja nyumbani kwake, bali katika vikundi vyenye kiongozi. Wakishasikiliza wanajadili, wakishajadili wanashika majembe kwenda kuchimba vyoo. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja.

Niliposoma haya nikaona kosa langu la Oktoba waziwazi. Nilikuwa nimeleta televisheni bila kituo.

Machi 2020

Waitaliano walilazimika kulijifunza somo hilo upya katika kipindi kigumu sana. Januari 2020 serikali yao ilitangaza kuwa kila tarehe 25 Machi itakuwa Dantedì, Siku ya Dante. Tarehe ilichaguliwa kwa sababu wasomi wengi huihesabu kuwa ndiyo siku ambayo safari inayosimuliwa katika utenzi wake mkuu, La Divina Commedia, inaanza. Utenzi huo una canto 100, na unapita Jehanamu, Toharani na Peponi. Mipango ilikuwa ya kawaida: makongamano, maonyesho, wanafunzi kusoma kwenye viwanja vya miji.

Halafu korona ikaingia. Kufikia 10 Machi nchi nzima ilikuwa imefungiwa ndani. Usiku wa 18 Machi picha za malori ya jeshi yakibeba majeneza kutoka mji wa Bergamo zilizunguka dunia nzima. Wengi wetu tuliziona kwenye simu za wazazi wetu. Wiki moja baadaye ndipo ilipoangukia Siku ya Dante ya kwanza. Ungesema basi, iahirishwe. Hawakuiahirisha. Wizara ya utamaduni na ile ya elimu ziliwaomba wananchi wote, saa sita kamili mchana, kila mtu pale alipofungiwa, asome kipande cha Dante na kukirusha mtandaoni akitaka. Walimu waliokuwa wakifundisha kwa kompyuta wakasoma na wanafunzi wao. Waigizaji wakasoma, na watu wa kawaida nao wakasoma jikoni kwao.

Hebu fikiria maana yake. Dante mwenyewe alifukuzwa Firenze mwaka 1302 na hakurudi tena. Alifia ugenini, Ravenna, mwaka 1321. Ni mtu aliyetenganishwa na kwao, anasomwa na watu waliotenganishwa na ndugu zao.

Siku ile haikuwa peke yake. Siku za mwanzo za kufungiwa watu waliitana kupitia simu, wakapangiana saa, kisha wakatoka kwenye roshani zao kuimba na kupiga ala kwa pamoja. Tarehe 25 Aprili, siku ya kukumbuka ukombozi wa 1945 kutoka kwa Wanazi na Mafashisti, chama cha wapiganaji wa zamani wa ukombozi kiliwaomba watu waimbe madirishani saa tisa alasiri, kwa kuwa maandamano hayakuruhusiwa. Jumba la sanaa la Uffizi la Firenze, ambalo watu walidhani ni la wazee wenye tai, likaingia TikTok na kuanza kuzifanyia utani picha zake zenyewe. Mkurugenzi wa jumba la kale za Misri la Torino akawa anatembea kwenye kumbi tupu akieleza vitu vyake kwa video, kimoja kimoja.

Ukiyatazama yote hayo utaona yaliyokumbukwa zaidi ni yale yaliyompa mtu wa kawaida zamu yake. Kusoma mistari michache, kufungua dirisha, kupiga sufuria. Hakuna anayekumbuka slaidi.

Kwa nini mtandao, na si ukumbi?

Swali hili niliulizwa na mwenzangu wa chumba: korona imekwisha, watu wanakutana, kwa nini Waitaliano bado wanahangaika na matukio ya mtandaoni? Jibu la kwanza ni kwamba wengi wao hawako Italia. Kati ya 1876 na 1976 watu wapatao milioni 26 waliihama nchi ile. Si wote walibaki ughaibuni, lakini wajukuu na vitukuu wao leo wako Argentina, Brazil, Marekani, Kanada, Australia. Wengi waliondoka wakiwa Wavenezia au Wasisilia kabla hawajawa Waitaliano sawasawa. Huko Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazil, bado kuna watu wanaosema Talian, lugha iliyotokana na Kivenezia cha wahamiaji, na mwaka 2014 serikali ya Brazil iliitambua rasmi kuwa sehemu ya urithi wa nchi hiyo. Bibi wa watu akafia Brazil, lugha yake ikapata cheti huko huko!

Watu wa namna hiyo hawawezi kukutana kwenye ukumbi mmoja. Kwa hiyo wana vikao vya kusimuliana, madarasa ya kupika ambapo kila mmoja yuko jikoni kwake, na kazi moja ambayo mimi niliipenda kuliko zote: kusaidiana kusoma nyaraka. Kumbukumbu za taifa za Italia zina tovuti iitwayo Antenati, yaani "Wahenga", ambako madaftari ya vizazi, ndoa na vifo yamepigwa picha na kuwekwa bure. Mwandiko wa makarani wa karne ya 19 ni balaa tupu. Mtu wa Buenos Aires anaweka ukurasa, anauliza: hili jina ni la babu yangu au macho yangu? Mwingine aliye Torino anamjibu. Hiyo nayo ni sherehe ya urithi, ingawa haina muziki.

Jibu la pili ni kwamba mtandao unaweza kuamua jambo. Shirika la hifadhi la FAI huendesha upigaji kura uitwao I Luoghi del Cuore, "Mahali pa Moyoni", ulioanza 2003. Wananchi wanapendekeza sehemu wanazozipenda ambazo ziko hatarini, kisha wanazipigia kura. Mwaka ule ule wa 2020 zilipigwa kura zaidi ya milioni 2.3. Iliyoshinda haikuwa kanisa kubwa wala sanamu ya kale. Ilikuwa reli! Reli ya milimani inayounganisha Cuneo, Ventimiglia na Nice ya Ufaransa, ambayo kwa miaka mingi watu wa bonde lile waliogopa itafungwa. Wenyeji walihesabu njia yao ya kwendea sokoni na shuleni kuwa urithi, na nchi ikawaitikia.

Machi yetu

Baada ya kusoma yote haya tukakaa na kamati. Tukakubaliana tusiitangaze kama "jioni ya Italia". Tuichukue tarehe 25 Machi, saa nane mchana kwetu, ambayo kwa Italia ni saa sita, muda ule ule wa 2020. Na kila atakayekuja awe na zamu.

Video tuliiacha, maana tunajuana hali zetu kabla boom halijaingia. Tuliunda vituo vitano kama vya Manzi: vimbweta viwili, chumba kimoja cha hosteli ya wasichana, kimoja cha wavulana, na kimoja kwa rafiki zetu wa Napoli. Kila kituo simu moja, spika moja, kiongozi mmoja. Ujumbe wa sauti ulitumwa kabla, kwa hiyo hata mtandao ukikata kituo kina kitu cha kusikiliza na kujadili. Na ulikata, tena mara mbili, na mvua ikakifukuza kituo cha kimbweta cha pili chini ya mti hadi kwenye korido.

Tulianza na fumbo, ili watu wachangamke: ni neno gani la Kiswahili lililorushwa angani kwa msaada wa Waitaliano? Watu wakabahatisha "hakuna matata" na mengine nisiyoweza kuyaandika humu. Jibu ni Uhuru. Tangu miaka ya 1960 Waitaliano chini ya Luigi Broglio walikuwa na jukwaa la kurushia satelaiti baharini, Ngomeni, jirani na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, walirusha kutoka pale satelaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, ikapewa jina hilo. Kiongozi wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genova, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Ukienda Malindi leo utakuta vijana wa ufukweni wanaosema Kiitaliano vizuri kuliko mwalimu yeyote wa klabu yetu. Kumbe ule uhusiano tuliokuwa tukiutafuta Pisa ulikuwa hapa pwani.

Halafu ikaja zamu za watu. Dada wa Palermo alisoma mistari michache ya Dante, kisha maana yake akaieleza kwa Kisisilia, na mwenzake akaileta kwa Kiswahili. Kituo cha wavulana kikapewa kazi ya kuieleza upya kwa lugha za nyumbani: Kisukuma, Kihaya, Kigogo. Wa Kigogo aligoma kidogo, eti hakuna neno la Toharani, tukabishana dakika 10, na zilikuwa dakika tamu kuliko zote.

Kisha kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akasema ana ujumbe wa sauti kutoka kwa bibi yake. Yeye alizaliwa Mombasa, lakini ukoo wao ni wa Barawa, mji wa kusini mwa Somalia ambako wenyeji husema Chimwini, ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Walikimbia vita vilipolipuka mwaka 1991. Barawa ilikuwa chini ya Waitaliano, na hata baada ya Vita Kuu ya Pili, Umoja wa Mataifa uliwarudishia Somalia waisimamie kwa miaka 10, toka 1950 hadi uhuru wa 1960. Bibi huyo alikuwa mtoto wa shule wakati huo.

Tukabonyeza. Bibi alihesabu kwa Kiitaliano toka moja hadi ishirini bila kukwama. Akacheka. Kisha akasema, kwa Chimwini ambacho tuliambulia karibu chote, kwamba darasani kwao ukikosea kuhesabu ulichapwa, na kwamba baadhi ya maneno yale anayatumia hadi leo jikoni bila kufikiri kuwa ni ya Waitaliano.

Kituo cha Napoli kilikaa kimya. Kumbe dada alikuwa amempigia bibi yake Palermo kwa simu ya pili ili asikilize. Akatutafsiria alichosema: kwamba hata yeye alichapwa shuleni, kwa kusema Kisisilia.

Bibi wawili, bahari mbili mbali, wote walifundishwa Kiitaliano kwa fimbo. Mmoja aliambiwa ni lugha ya taifa lake, mwingine aliambiwa ni lugha ya waliomtawala.

Hapo mwanafunzi mmoja wa historia akauliza lile swali ambalo Oktoba lisingepata nafasi: na Addis Ababa? Tarehe 19 Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua mtawala wa Kiitaliano Rodolfo Graziani, maelfu ya Waethiopia waliuawa mjini humo ndani ya siku chache. Ethiopia huiadhimisha siku hiyo hadi leo kwa jina la Yekatit 12. Rafiki mmoja wa Napoli alisema wazi kwamba shuleni kwake hakufundishwa, alilisoma chuoni. Mwingine alisema kwao huwa wanakutana kila Februari kulikumbuka. Hatukumaliza mjadala. Lakini hakuna aliyeondoka, na nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa tuliyowapa wageni wetu: kuwachukulia kama watu wenye historia nzima, yenye asali na yenye shubiri.

Ukitaka kuandaa ya kwako

Klabu yoyote inaweza kufanya jambo hili, iwe kwa Italia, Uchina au Wangoni. Tarehe ndiyo ya kwanza: chagua yenye sababu, maana watu hukumbuka siku wakijua kwa nini siku ile. Halafu kila mtu apewe zamu ndogo isiyomtisha. Mistari michache inatosha, hata jina la chakula na jinsi kinavyopikwa kwao. Anayesubiri zamu yake haondoki.

Weka vituo, msikae kila mtu na simu yake. Kituo kinaokoa bando na kinaleta ubishi, na ubishi ndiyo elimu. Tuma sauti kabla ya siku. Omba ruhusa kwa kila mtu unayemrekodi, wazee hasa, na mweleze nani atasikiliza. Bibi wa Barawa alikubali kwa sharti kwamba sauti isizunguke nje ya kikao, na tuliifuta sote.

Na mwulize mwenye utamaduni mwenyewe nini kiwemo, kabla hujafungua slaidi ya kwanza. Mimi nilimwuliza dada wa Palermo baada ya kumaliza, na hapo nilikuwa nimechelewa.

Hesabu ya mwisho: Machi walijiandikisha 34 tu, karibu nusu ya Oktoba. Tulipofunga, saa kumi na robo, walikuwepo 37, kwa sababu waliopita karibu na kimbweta walisimama kusikiliza wakakaa.

Kuna jambo moja sijawaambia kamati. Usiku ule, baada ya kufuta sauti ya bibi wa watu, nilitafuta kwenye simu yangu sauti ya bibi yangu mwenyewe. Bibi mzaa mama yuko Njombe, ni Mbena, na mimi kwa Kibena naweza "kamwene" na si zaidi sana. Nilikuta picha zake 4, za harusi, na sauti hakuna hata sekunde moja. Miezi mitano nimehangaika na mabibi wa Palermo!

Likizo iliyofuata nilikwenda. Nilimwomba ruhusa, akaniuliza nani atasikiliza, nikamwambia mimi na watoto wangu nikija kupata. Akakubali. Ninazo dakika 11: jinsi ya kuchagua mbegu za mahindi, na majina ya vijito vitatu ambavyo sikujua vina majina. Nusu yake siielewi bado. Mwezi wa kumi Wiki ya Lugha ya Kiitaliano Duniani, ambayo hufanyika kila mwaka tangu 2001, inarudi tena na klabu yetu itashiriki. Zamu zipo za kutosha, njoo. Ila kabla hujaja, angalia kwanza kwenye simu yako una sauti ya nani.